Protini kama Kiashiria cha Seli Zuizi za Neva: Dhana, Mipaka na Istilahi kwa Ukanda wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna seli zuizi za neva zinavyobainishwa kwa kutumia protini zilizomo ndani yake, na kwa nini suala hilo la maabara lina uzito kwa jamii kama ya Kabuta, wilayani Nchelenge, ambako malaria na degedege ni mambo yanayojulikana katika kila kaya. Hoja kuu ni kwamba protini huonesha kile ambacho seli inacho. Haioneshi moja kwa moja kile ambacho seli inatenda. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mifano ya parvalbumini, ya fuko asiye na manyoya wa Afrika Mashariki, na ya jaribio la dawa ya fenobabitali lililofanyika Kilifi, Kenya. Makala yanahitimisha kwamba istilahi za Kiswahili za uwanja huu zinapaswa kutenganisha ngazi tatu: kiashiria, aina ya seli na tendo la seli. Utenganisho huo unahitajika katika vitabu vya sayansi na zaidi katika fomu za ridhaa zinazosomwa na wazazi.

1.0 Utangulizi

Kabuta ni eneo la wavuvi na wakulima wa mihogo katika wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru. Lugha kuu ya eneo hilo ni Kibemba. Hata hivyo, ng'ambo ya ziwa kuna miji ya Pweto na Kilwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya zahanati. Samaki, unga na wagonjwa huvuka maji hayo, na lugha huvuka pamoja nao. Nchi hizo mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo mwaka 2019, katika mkutano wake wa wakuu wa nchi jijini Dar es Salaam, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kongo ilijiunga pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo suala la istilahi za afya katika ukanda wa Mweru ni la kikanda, na linawahusu wapangaji sera wa jumuiya zote mbili.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye maambukizi makali ya malaria nchini Zambia. Mbu wa aina ya Anopheles funestus, anayestawi katika maji ya kudumu na vinamasi vya kando ya ziwa na mito, huendeleza maambukizi mwaka mzima. Malaria inapofika kwenye ubongo wa mtoto, dalili inayowatisha wazazi kuliko zote ni degedege. Mtoto anayenusurika anaweza kubaki na athari za kudumu. Birbeck na wenzake (2010), waliowafuatilia watoto mjini Blantyre, Malawi, waliona kwamba kati ya watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo, 12 walipata kifafa. Kati ya watoto 264 wa kulinganishwa nao hakuna aliyepata.

Degedege na kifafa, kwa maelezo mafupi, ni hali ambazo mizani baina ya usisimuaji na uzuiaji katika ubongo imevurugika. Anayetaka kujua mizani hiyo imevurugikaje hana budi kuzijua seli zinazofanya kazi ya kuzuia. Kuzijua huanza na swali linaloonekana jepesi: kati ya mabilioni ya seli za ubongo, ni zipi zuizi, na mtafiti anazibaini vipi? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa wasomaji wasio wataalamu wa neva, kisha yanaonesha mahali ambapo jibu hilo linategemea uteuzi wa maneno.

2.0 Seli zuizi na kazi yake

Seli ya neva hupeleka ujumbe kwa seli nyingine kupitia sinapsi, yaani kiungo chembamba ambapo seli ya kwanza humwaga kemikali na seli ya pili huipokea kwa vipokezi vyake. Kemikali kuu ya usisimuaji katika ubongo ni glutamati. Kemikali kuu ya uzuiaji ni asidi ya gama-aminobutiriki, inayojulikana kwa kifupisho GABA, ambayo kuwepo kwake katika ubongo kuliripotiwa mwaka 1950. Katika uti wa mgongo na shina la ubongo, glisini nayo hufanya kazi ya kuzuia.

GABA inapofika kwenye kipokezi cha aina ya A, hufungua mlango unaopitisha ioni za kloridi. Kwa kawaida, katika ubongo uliokomaa, kloridi huingia ndani ya seli na kuifanya iwe ngumu zaidi kusisimka. Katika koteksi, yaani tabaka la nje la ubongo, takriban seli moja kati ya tano ni ya namna hii. Uchache wao usimpotoshe msomaji. Seli zuizi ndizo zinazoamua ni lini kundi la seli sisimuzi litafyatua ishara kwa pamoja, na lini litanyamaza. Zikilegea, ishara husambaa bila mpaka, na mwili hutetemeka.

Seli hizo zina maumbo na kazi mbalimbali. Nyingine hukumbatia kiini cha seli jirani na kuidhibiti pale inapofanyia uamuzi. Nyingine hugusa matawi ya mbali na kuchuja habari zinazoingia. Nyingine huzizuia seli zuizi zenzake, na hivyo matokeo ya kazi yao ni kulegeza uzuiaji. Kwa hadubini ya kawaida tofauti hizi ni vigumu kuziona. Ndipo protini zinapohitajika.

3.0 Protini zinavyotumika kama kiashiria

3.1 Hatua za maabara

Mbinu inayotumika zaidi ni kuitia tishu rangi kwa kutumia kingamwili. Tishu ya ubongo huhifadhiwa kwanza kwa kemikali inayozigandisha protini mahali pake, kisha hukatwa vipande vyembamba sana. Kingamwili ya kwanza, iliyotengenezwa ili inate kwenye protini moja maalumu, hutiwa juu ya kipande. Baada ya kuoshwa, hutiwa kingamwili ya pili inayonata kwenye ile ya kwanza na iliyobeba rangi au kitu kinachong'aa. Seli yenye protini inayotafutwa huonekana. Isiyo nayo hubaki gizani.

Uaminifu wa matokeo hutegemea vipimo vya kulinganishia. Kipande kimoja hutiwa kingamwili ya pili peke yake ili kuona kama rangi inanata ovyo. Kipande kingine hutoka katika tishu ambayo protini hiyo inajulikana imo kwa hakika. Panapowezekana, hutumiwa pia tishu ya mnyama ambaye jeni ya protini hiyo imeondolewa. Rangi ikionekana hapo, kingamwili hiyo haifai. Muda uliopita kati ya kifo na kuhifadhiwa kwa tishu huathiri nguvu ya rangi. Jambo hilo ni la msingi kwa tishu za binadamu, na zaidi mahali ambapo hospitali iko mbali na maabara.

3.2 Viashiria vikuu

Viashiria vinavyotumika vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la protini zinazohusika moja kwa moja na GABA. Kimeng'enya cha GAD, chenye maumbo mawili yanayoitwa GAD65 na GAD67 kutokana na uzito wao, hutengeneza GABA kutoka kwa glutamati. GAD67 huonekana kwenye kiini cha seli na kwenye ncha za akzoni pia, ilhali GAD65 hukusanyika zaidi kwenye ncha. Protini nyingine, VGAT, hupakia GABA au glisini ndani ya vifuko vinavyosubiri kumwagwa kwenye sinapsi. Seli yenye protini hizi ina vyombo vya kutengenezea na kusafirishia ujumbe wa uzuiaji.

Kundi la pili ni la protini zinazosaidia kuzigawa seli zuizi katika aina. Tatu kati yake, parvalbumini, kalbindini na kalretinini, hufungamana na kalsiamu. Nyingine, kama somatostatini, ni vipande vya protini vinavyotolewa pamoja na GABA. Celio (1986) alionesha kwamba seli nyingi zenye parvalbumini katika koteksi ya panya zina GABA pia, na tangu hapo parvalbumini imekuwa kiashiria kinachopendwa na maabara nyingi. Rudy na wenzake (2011) walieleza kwamba karibu seli zuizi zote za koteksi ya panya zinaweza kupangwa katika makundi matatu: zenye parvalbumini, takriban asilimia 40, zenye somatostatini, takriban asilimia 30, na zenye kipokezi fulani cha serotonini, takriban asilimia 30. Makundi hayo karibu hayaingiliani, na hiyo ndiyo sababu ya umaarufu wake.

3.3 Parvalbumini katika samaki na katika ubongo

Parvalbumini haikujulikana kwanza kwa sababu ya ubongo. Ilijulikana kama protini ya misuli, na umbo lake lilichorwa mwaka 1973 kutokana na misuli ya samaki aina ya kapi. Misuli myeupe ya samaki imejaa protini hiyo. Samaki ni lazima akaze na kulegeza misuli kwa kasi ili aogelee. Kila msuli unapokaza, kalsiamu humwagika, na parvalbumini huidaka haraka ili msuli ulegee. Samaki aina ya pale anayevuliwa Mweru na kuuzwa Kabuta na Kashikishi ana protini za ukoo huohuo. Watu wengi wenye mzio wa samaki huwa na kingamwili zinazoishambulia parvalbumini, kwa hiyo miili yao hufanya bila kukusudia jambo lilelile ambalo mtafiti hulifanya kwa makusudi: kuitambua protini moja kati ya maelfu.

Katika koteksi, seli zenye parvalbumini ni zile zinazofyatua ishara kwa kasi kubwa bila kuchoka. Nazo pia hupokea mafuriko ya mara kwa mara ya kalsiamu, na parvalbumini huyadaka. Kazi ya kikemia ni ileile. Mahali ndipo palipobadilika. Hakuna anayedhani kwamba msuli wa samaki ni seli zuizi kwa sababu una parvalbumini. Basi hata ndani ya ubongo wenyewe, kuwepo kwa protini hiyo peke yake hakutoshi kuthibitisha kwamba seli ni zuizi. Inathibitisha tu kwamba seli ina kidaka kalsiamu.

4.0 Mipaka ya kiashiria

Tahadhari hiyo inatokana na mambo yanayojulikana vizuri. Kalretinini huonekana katika seli nyingi zuizi za koteksi, lakini pia katika seli punje za ubongo mdogo wa nyuma, ambazo ni sisimuzi. Kalbindini imejaa katika seli za Purkinje, ambazo ni zuizi, na vilevile katika seli punje za hipokampasi, ambazo ni sisimuzi. Parvalbumini yenyewe huonekana katika seli za hisi zinazoleta habari za misuli kwenye uti wa mgongo, na hizo ni sisimuzi. Kwa hiyo kiashiria kinachofaa katika sehemu moja ya ubongo kinaweza kupotosha katika sehemu nyingine.

Mpaka wa pili unahusu kutoweka kwa rangi. Katika tishu za hipokampasi kutoka kwa wagonjwa wa kifafa, idadi ya seli zinazoonekana kuwa na parvalbumini hupungua. Ni rahisi kuandika kwamba seli hizo zimekufa. Wittner na wenzake (2001), waliochunguza tishu za namna hiyo kwa hadubini ya elektroni, waliona kwamba sinapsi zuizi zinazozunguka viini vya seli punje zilikuwa zimehifadhika. Hivyo kupungua kwa seli zinazotiwa rangi hakukuwa ushahidi tosha wa kupotea kwa uzuiaji. Protini inaweza kushuka chini ya kiwango kinachoonekana ilhali seli ingali hai. Tofauti hii ina uzito wa tiba: seli iliyokufa hairudi, lakini seli iliyopungukiwa protini huenda ikarejea katika hali yake.

Mpaka wa tatu ni mkubwa zaidi: seli inaweza kuwa na vyombo vyote vya uzuiaji na matokeo ya tendo lake yasiwe uzuiaji. Mfano wake unatoka Afrika Mashariki. Fuko asiye na manyoya, Heterocephalus glaber, huishi chini ya ardhi katika Kenya, Ethiopia na Somalia. Yeye ni ndugu wa mafuko wenye manyoya wanaochimba mashamba ya kaskazini mwa Zambia, ambao mwaka 2006 walipewa jina la jenasi Fukomys, lililojengwa juu ya neno la Kibantu fuko. Zions na wenzake (2020) waligundua kwamba fuko asiye na manyoya ana badiliko katika protini KCC2, pampu inayotoa kloridi nje ya seli. Badiliko la mahali hapohapo limewahi kuonekana kwa binadamu wenye degedege la homa na kifafa. Pampu ikiwa dhaifu, kloridi hubaki ndani ya seli, na GABA ikifungua mlango, kloridi haiingii kama inavyotarajiwa. Fuko hao walipopewa diazepamu, dawa inayotumika kutuliza degedege kwa kuiongezea GABA nguvu, walipata degedege. Hewa yenye kabonidioksidi nyingi, kama ile ya kwenye kiota chao, iliwakinga.

Hapa kipokezi cha GABA kipo, na seli zinazotengeneza GABA zipo, lakini dawa ya kutuliza imesisimua. Kwa mtoto mchanga wa binadamu pampu ya KCC2 bado ni chache, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini dawa za kuiongezea GABA nguvu hazifanyi kazi vizuri kwa watoto wachanga wenye degedege. Jina la seli, kwa hiyo, halitoshi kutabiri tendo lake. Hali ya seli inayopokea ni lazima ijulikane pia.

5.0 Kwa nini jambo hili linaihusu zahanati

Dawa mbili za degedege zinazopatikana zaidi katika vituo vya afya vya vijijini barani Afrika, diazepamu na fenobabitali, hufanya kazi kwenye kipokezi cha GABA. Ya kwanza huufanya mlango wa kloridi ufunguke mara nyingi zaidi. Ya pili huufanya ukae wazi kwa muda mrefu zaidi. Zote mbili huongeza nguvu ya uzuiaji kila mahali penye vipokezi hivyo, ikiwa ni pamoja na sehemu za shina la ubongo zinazoongoza upumuaji. Hazichagui seli.

Gharama ya kutochagua huko ilionekana Kilifi, katika pwani ya Kenya. Crawley na wenzake (2000) waliwagawa watoto 340 wenye malaria ya ubongo katika makundi mawili yaliyo sawa: moja lilipewa dozi moja ya fenobabitali, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na jingine lilipewa dawa bandia. Kwa kipimo cha degedege, dawa ilifaulu: asilimia 11 ya watoto waliopata fenobabitali walipatwa na degedege la mara kwa mara, dhidi ya asilimia 27 katika kundi jingine. Kwa kipimo cha uhai, matokeo yalikuwa kinyume: watoto 30 walikufa katika kundi la fenobabitali, na 14 katika kundi la dawa bandia. Visa vya pumzi kusimama vilikuwa vingi zaidi kwa waliopata fenobabitali, na hatari ilikuwa kubwa mno kwa wale waliopata pia dozi tatu au zaidi za diazepamu. Dozi hiyo haikupendekezwa tena kwa kinga ya namna hiyo mahali pasipokuwa na mashine za kusaidia kupumua.

Matokeo hayo yanafundisha jambo linaloafikiana na sehemu iliyotangulia. Uzuiaji si kitu kimoja kinachoongezwa au kupunguzwa kama mafuta katika taa. Kuna seli zuizi zinazokinga koteksi isitetemeke, na kuna seli zuizi zinazoshiriki kupanga mwendo wa pumzi. Zote zinatumia GABA au glisini, lakini kuziongezea nguvu zote kwa pamoja kunaweza kumtuliza mtoto na kumnyima pumzi. Tumaini la tiba bora linategemea kuzitofautisha seli hizo. Protini viashiria ndizo zana ya kwanza ya utofautishaji huo, na ndiyo maana mipaka yake haina budi kutajwa kwa uwazi.

Mantiki ya kiashiria kisichotosha inajulikana tayari katika tiba ya malaria. Taylor na wenzake (2004) walichunguza miili ya watoto 31 waliofariki Blantyre baada ya kutambuliwa kwa dalili zote za kawaida, vimelea katika damu vikiwemo, kuwa na malaria ya ubongo. Watoto 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Mahali kama Nchelenge, ambapo watoto wengi hubeba vimelea bila kuwa wagonjwa mahututi, vimelea katika damu ni kiashiria, si hukumu. Mabadiliko katika retina ya jicho ndiyo yaliyosaidia kutofautisha. Muuguzi anayefahamu kwamba vimelea peke yake havithibitishi sababu ya kupoteza fahamu tayari ameelewa kanuni ambayo mtafiti wa neva anaihitaji mbele ya hadubini.

6.0 Suala la istilahi

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kuanzia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) na Kamusi ya Tiba (2003) zilionesha kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi kwa unyambulishaji na kwa utohozi. Maneno kama kingamwili, kimeng'enya, kipokezi na hadubini yamezoeleka. Tatizo la uwanja huu ni kwamba maneno yaliyopo yanaelekea kuchanganya ngazi ambazo sayansi inazitenganisha.

Neno la kwanza ni lile linaloitaja protini yenyewe. Machaguo matatu yanajitokeza: alama, kitambulishi na kiashiria. Alama lina maana nyingi mno, kuanzia alama za mtihani hadi chale za mwilini. Kitambulishi linavutia, lakini liko karibu mno na kitambulisho, yaani hati inayothibitisha mtu ni nani bila shaka. Anayesoma kwamba parvalbumini ni kitambulishi cha seli zuizi ataamini kwamba penye parvalbumini pana seli zuizi, na sehemu ya nne ya makala haya imeonesha kwamba si hivyo. Kiashiria, kama kilivyozoeleka katika uchumi na katika tathmini ya miradi, hudokeza jambo na kuacha nafasi ya uthibitisho. Ndilo neno linalopendekezwa.

Neno la pili ni lile la aina ya seli. Muundo seli zuizi, sambamba na seli sisimuzi, ni mfupi, unafuata kanuni ya kuunda vivumishi kutokana na vitenzi, na unaweza kuingia katika vitabu vya sekondari bila shida. Muundo seli za kuzuia una kasoro: unaacha wazi ni kitu gani kinachozuiwa, na unamfanya msomaji afikirie kinga.

Hapo ndipo hatari iliyo kubwa zaidi ilipo. Kitenzi kuzuia katika Kiswahili cha afya kinabeba maana ya kukinga: kuzuia malaria, kuzuia mimba, kuzuia degedege. Fomu ya ridhaa inayosema kwamba dawa inayojaribiwa inaongeza uzuiaji katika ubongo inaweza kusomwa na mzazi kwamba dawa inaongeza kinga. Mzazi huyo atakuwa ametia saini jambo jingine. Katika maandishi ya wataalamu, uzuiaji unaweza kubaki. Katika maandishi yanayomfikia mzazi, tendo hilo lielezwe kwa sentensi kamili, kwa mfano: dawa hii hupunguza nguvu ya seli za ubongo kupeleka ujumbe, hutuliza degedege, lakini inaweza pia kupunguza pumzi. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno moja, na inasema ukweli wote unaohitajika kabla ya kutia saini.

Neno degedege nalo linahitaji uangalifu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki limefungamana na imani kuhusu roho au ndege anayempitia mtoto, na imani hiyo imeonekana kuwapeleka wazazi kwa mganga kabla ya zahanati. Kuliondoa neno hilo katika maandishi ya afya hakutaiondoa imani. Kutamfanya tu mzazi asitambue kwamba maandishi yanamzungumzia mtoto wake. Linafaa kutumika, likifuatwa na maelezo ya kinachotokea mwilini. Katika ukanda wa Mweru, kazi hiyo ifanyike kwa Kibemba na kwa Kiswahili cha Katanga pia, kwa kuwa neno linaloeleweka Unguja si lazima lieleweke Pweto.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba kuzibaini seli zuizi kwa protini ni kazi ya hatua tatu: kuona protini, kukadiria aina ya seli, na kuthibitisha tendo lake. Kila hatua inahitaji ushahidi wake. Lugha inayozichanganya hatua hizo humwezesha mwandishi kudai zaidi ya alichokiona, na humnyima msomaji njia ya kumhoji.

Mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili yatumie seli zenye parvalbumini, au zenye kiashiria kingine kinachotajwa, pale ambapo protini peke yake ndiyo iliyoonekana. Yatumie seli zuizi pale tu ambapo vyombo vya GABA au glisini vimethibitishwa pia. Na yataje uzuiaji kama tendo pale ambapo tendo lenyewe limepimwa. Pili, kupungua kwa seli zinazotiwa rangi kuandikwe hivyo, na neno kufa litumike kukiwa na ushahidi wa kifo. Tatu, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki washirikiane na wataalamu wa neva na wa lugha kutoka Zambia na Kongo katika kusanifisha istilahi hizi, kabla hazijaingia katika mitaala kwa sura zinazopingana. Nne, kamati za maadili ya utafiti zidai kwamba kila fomu ya ridhaa inayohusu dawa za ubongo isomwe kwa wazazi wachache wa eneo husika, nao waombwe kueleza kwa maneno yao wenyewe walichoelewa, kabla fomu hiyo haijaidhinishwa.

Pendekezo la mwisho halihitaji maabara wala bajeti kubwa. Linahitaji mtafiti akae na mzazi wa Kabuta, asome sentensi moja baada ya nyingine, na asikilize. Mzazi akieleza kwamba dawa itamkinga mtoto, sentensi hiyo iandikwe upya.